Daraja la Kwanza Hadi Carr Fold

Mama yangu, Thirza Ogden, aliogopa vitu viwili tu hapa duniani: panya na macho ya watu. Panya alimwachia baba. Macho ya watu alipambana nayo mwenyewe, tangu anaposugua kizingiti cha mlango asubuhi mpaka anapovuta pazia jioni.

Mwaka huo baba alikuwa amepandishwa cheo kiwandani, kutoka mfumaji hadi nyapara. Mtu mwingine angeshukuru Mungu, akanywa bia yake, yakaisha. Mama alinunua mwavuli wa jua. Sisi Hollinbrook, mji wa viwanda vya nguo, jua tunaliona kwa bahati, na likija linakuja na masizi, lakini mwavuli ulinunuliwa, wa rangi ya maziwa, ukatundikwa pale ambapo yeyote apitaye nje angeuona mlango ukiwa wazi. Mwezi ule mlango wetu ulikuwa wazi sana.

Nami ndiye niliyeuzidisha ugonjwa huo. Nilikuwa na miaka ishirini, nikiendesha mitambo minne ya kufuma, na nilikuwa nimempenda Horace Pilling, karani mdogo wa kiwanda, kijana mrefu mwenye masikio makubwa na haya nyingi. Naye alinipenda. Tatizo lilikuwa mama yake. Bi Augusta Pilling alikuwa mjane wa karani mkuu, na ingawa mzee alikuwa na miaka mitatu kaburini, mkewe bado alitembea barabarani kana kwamba amemshika mkono. Horace alipomtajia jina langu, alijibiwa kwamba ataoa kwa watu wanaojua kusafiri.

"Kusafiri?" mama aliuliza nilipomfikishia maneno hayo. "Ana maana gani, kusafiri?"

"Ana maana sisi tunakwenda Blackpool daraja la tatu na viazi sandukuni."

"Kila mtu anakwenda Blackpool na viazi!"

"Yeye haendi, mama. Yeye kila mwaka anakwenda Lytham, hotelini."

Mama alikunja na kukunjua aproni yake. Kuhusu viazi alisema kweli. Wiki ya Wakes, likizo yetu ya mwaka, viwanda vyote vikifungwa, Hollinbrook nzima hupanda treni moja kwenda baharini, mtaa kwa mtaa, na jirani uliyemkimbia nyumbani unamkuta Blackpool chumba cha pili. Sisi tulifikia kwa Bi Swarbrick. Kwake mgeni huja na chakula chake, yeye hutoa kitanda, moto na chumvi, na chumvi anailipisha. Viazi vya familia zote huchemshwa katika sufuria moja kubwa, kila familia na wavu wake mdogo, uliofungwa uzi wa rangi yake. Uzi wetu ulikuwa mwekundu, mwaka wa tisa huo. Wa jirani yetu Nancy Duckworth ulikuwa wa bluu. Na hakuna aliyethubutu kuchanganya. Nancy aliwahi kununiana na binamu yake miaka miwili kwa sababu ya viazi vitatu.

"Mwaka huu," mama alitangaza hatimaye, "tutasafiri daraja la kwanza."

Baba aliweka chini kikombe chake. "Thirza, mimi ni nyapara. Sijawa lodi."

"Sikiliza kwanza, Jabez. Nani atakayetuona tukipanda? Mji mzima, hapa Hollinbrook. Nani atakayetuona tukishuka? Wote watakuwa wanakimbilia bahari. Kwa hiyo tunakata daraja la kwanza mpaka Carr Fold, stesheni inayofuata, maili mbili tu. Pale tunashuka, tunatembea haraka, tunapanda daraja la tatu mpaka mwisho."

"Na watakaotuona Carr Fold?"

"Carr Fold kuna nani? Mbuzi."

Baba alinitazama mimi, mimi nikatazama dari. Nilitaka kuolewa na Horace Pilling, na kama njia ilipita kwa mbuzi wa Carr Fold, basi na ipite.

Jumamosi ya safari tulifika stesheni mapema. Mama alikuwa na mwavuli, baba na kola iliyomkaba mpaka macho yakamtoka, na mimi nilibeba sanduku la duara la kofia. Ndani yake hamkuwa na kofia. Mama aliapa kwamba sanduku letu la bati halitaonekana tena na watu, lakini kula ni lazima, kwa hiyo viazi vilipewa heshima ya sanduku la kofia na mimi nikapewa amri ya kulibeba kwa vidole viwili, kama lina manyoya. Lilikaribia kuning'oa bega.

Mama alitupitisha moja kwa moja mbele ya chumba cha kungojea cha daraja la tatu. Pale mlangoni watu walikuwa wamesongamana wakisoma tangazo fulani.

"Ngoja nione wanasoma nini," baba alisema.

"Jabez! Yale ni matangazo yao. Sisi tuna chumba chetu."

Chumba chetu kilikuwa na zulia. Na kwenye zulia, chini ya saa, alikuwa ameketi Bi Augusta Pilling mwenyewe, amevaa nyeusi tupu, kikapu chenye kifuniko mapajani, na Horace pembeni yake akiwa mwekundu mpaka ncha za masikio.

"Oh," alisema Bi Pilling, akiutazama mwavuli kutoka juu mpaka chini. "Mama Keziah. Nanyi mnapitia huku?"

"Siku hizi tunapitia huku, Mama Horace. Kule kuna kelele. Na nyinyi, Lytham?"

"Lytham. Njia ni hii hii mpaka karibu na mwisho. Blackpool mimi hainichukui."

Treni ilipoingia, behewa la daraja la kwanza lilikuwa moja tu, nyuma kabisa, na vyumba vyake vingine vilishachukuliwa na daktari na watu wa mwenye kiwanda. Tukajikuta watano chumba kimoja, uso kwa uso, kwenye viti laini vya bluu. Jukwaani viatu vya mbao vilikuwa vinalia kote, watu wanasukumana na vikapu, na Nancy Duckworth akatuona dirishani.

"Lo! Jamani njooni muone! Thirza kaketi kwa malkia! Thirza, mwenzangu, ukifika utatusalimia au tutume barua?"

"Nitakupungia mkono, Nancy," mama alisema, akapunga vidole vitatu. Nakwambia alikuwa na furaha. Furaha ile ilidumu maili mbili.

Treni iliondoka. Mama alizungumza habari za hewa, Bi Pilling akajibu habari za hewa. Mara mnara wa kanisa la Carr Fold ukatokea. Mama akajikohoza, akasimama, akashika mwavuli. Jambo la ajabu ni kwamba Bi Pilling naye alisimama, akashika kikapu. Wakasimama pale wawili, wakiyumba, kila mmoja akitazama dirisha lake, wakati stesheni ya Carr Fold ikitupita na jukwaa lake, maua yake na mbuzi mmoja kweli kweli. Treni haikupunguza mwendo hata kidogo.

"Nilikuwa nanyoosha miguu," alisema mama.

"Na mimi," alisema Bi Pilling.

Wakaketi. Baba alifumba macho kama mtu aliyeanza kusali. Mimi nilimtazama Horace, na Horace alinitazama kwa woga ambao nilifikiri ni woga wa mapenzi.

Saa moja na nusu ilipita. Hapana mateso kama viti laini ukiwa na tikiti ya maili mbili. Njaa ilituuma. Baba alikuwa na pai ya nyama mfuko wa koti, na harufu yake ikajaa chumbani, lakini mama alimkazia jicho kila mkono ulipoelekea mfukoni. Kwenye kona moja treni ilipinda kwa nguvu, sanduku la kofia likainama, kifuniko kikafyatuka, na kiazi kimoja kikatoka. Kilibingirika polepole katikati ya sakafu, mbele ya macho ya watu wazima watano, kikasimama kwenye kiatu cha Bi Pilling.

Nilingoja aseme neno. Akisema neno moja tu juu ya kiazi kile, nilijua harusi yangu imekufa. Bi Pilling alitazama mashamba nje. Kisha, bila kuinamisha kichwa, alisogeza sketi yake nyeusi kidogo, na kiazi kikatoweka chini yake. Nilidhani ni dharau ya hali ya juu kabisa.

Halafu treni ikasimama kwenye stesheni kubwa, milango ikaanza kufunguliwa mmoja mmoja, na tukasikia sauti: "Tikiti, tafadhali! Tikiti!"

Mkagua tikiti alikuwa mtu mnene mwenye masharubu ya kijivu. Mama alimpa zetu kwa heshima kubwa. Akazisoma, akazigeuza, akazisoma tena.

"Hizi za daraja la kwanza ni za Carr Fold, mama."

"Ndiyo."

"Carr Fold tumeshaipita."

"Nimeiona," alisema mama. "Haikusimama."

"Siku ya leo haisimami. Tangazo limebandikwa wiki nzima."

"Limebandikwa wapi?"

"Mlangoni pa chumba cha kungojea cha daraja la tatu."

Baba alicheka, nadhani bila kukusudia, akajifanya anakohoa. Mkagua tikiti akamgeukia Bi Pilling, ambaye alikuwa amekazana kulisoma bango la sabuni lililokuwa ukutani nje.

"Na wewe, mama?"

"Mwanangu anazo."

Horace alizitoa. Yule bwana akazitazama, akazitazama zetu, akaziweka sambamba kwenye kiganja chake. Daraja la kwanza hadi Carr Fold, na kutoka Carr Fold hadi Blackpool daraja la tatu. Zilikuwa sawa kabisa, mpaka Blackpool yenyewe.

"Mko pamoja?"

"Hapana!" walijibu mama wawili kwa mpigo.

Alivuta masharubu. "Miaka kumi na minne niko kwenye kazi hii," alisema. "Basi. Mlipe nauli iliyobaki, au mshuke muende daraja la tatu. Mna dakika tano. Mimi nitakuwa pale natazama saa yangu." Akatoka. Alikuwa muungwana, maana hakucheka mpaka alipotupa mgongo.

Sasa hapo mtu angetegemea mama afurahi. Mwanamke aliyetuita watu wasiojua kusafiri alikuwa ameketi mbele yake na tikiti ile ile. Mimi sikufurahi hata kidogo. Nilijua watu wa aina ya Bi Pilling. Mtu kama yule hawezi kuvumilia aliyemwona amevuliwa nguo, sembuse kumfanya mkwe. Kuanzia siku ile angevuka barabara kila atuonapo, na Horace angevuka naye.

"Sishuki," alisema Bi Pilling.

"Mama," Horace alimsihi.

"Sishuki! Tazama dirishani. Mji mzima umetoa vichwa. Nitapita mbele yao wote na kikapu hiki? Heri nife hapa hapa." Ghafla akaanza kulia, kilio kikavu cha mtu asiyezoea. "Miaka mitatu nimejificha. Lytham gani? Sijawahi kwenda Lytham tangu baba yake afe, na safari hii ni mtoto aliyenisihi, hata nyumba ya kufikia kaitafuta yeye. Wiki ya Wakes nafunga mapazia ya mbele, tunakaa jikoni nyuma, mimi na mtoto. Moto hatuwashi mchana, watu wasione moshi. Wakirudi, watu wananiambia, Mama Horace, umependeza, hewa ya bahari imekukubali."

Mama yangu alimsikiliza. Yeye ndiye aliyemwambia hivyo, mwaka jana, mlangoni pa kanisa, na akarudi nyumbani akiwa na wivu siku nne. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa amekutana na mtu mwenye ugonjwa wake mwenyewe, ila wa mwenzake ulikuwa umefikia hatua mbaya zaidi.

"Horace," alisema, "chukua lile sanduku la kofia. Lishike chini kwa mikono miwili, lina viazi."

"Najua, Mama Keziah," alisema Horace.

"Keziah, beba kikapu cha mama. Jabez, kula pai yako, utakufa. Na wewe, Mama Horace, futa uso, unipe mkono. Wewe tembea vile vile unavyotembea kwenda kanisani. Mimi nitalegea."

"Utalegea?"

"Shika huu mwavuli. Nifunikie."

Wakashuka. Sitasahau nikiishi miaka mia. Mama yangu, ambaye hajawahi kuonekana dirishani bila aproni safi, alijiegemeza kwa Bi Pilling, akaburuta miguu, akapepesuka kwenye jukwaa lote lile huku vichwa vya Hollinbrook vikiwa vimening'inia madirishani. Bi Pilling alitembea wima, amemfunika kwa mwavuli wa rangi ya maziwa. Jua lilikuwa halipo.

"Thirza!" Nancy Duckworth alipiga kelele. "Vipi tena? Malkia amekufukuza?"

"Ni vile viti, Nancy!" mama aliitikia kwa sauti ya mgonjwa iliyosikika behewa saba. "Ni laini mno! Vimenichafua moyo, nusura nitapike kwenye zulia. Huyu mama ameacha kiti chake, na tikiti yake ya daraja la kwanza, ili anisindikize mimi. Msogezeeni nafasi dirishani!"

Behewa zima lilipasuka kwa kicheko.

"Nilisema mimi!" Nancy alijipiga mapaja. "Sikusema? Makalio ya benchi ni ya benchi! Njoo ukae huku, mwenzangu, mbao itakuponya. Na wewe, Bi Pilling, pita, pita mama, Mungu akubariki. Wangapi wangefanya hivyo?"

Walimcheka mama mpaka Blackpool. Walimcheka mwaka mzima uliofuata. Kiwandani mtu akiketi tu kwenye kitu laini, wanamwambia angalia usitapike, muulize Thirza. Naye mle behewani alikuwa ameketi kwenye benchi, masikio yakimwaka, akitabasamu kijinga kwa makusudi. Nilijua inamuuma. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Bi Pilling alipewa dirisha, akapewa soseji ya damu kwenye kipande cha gazeti. Aliishika kwanza kama kitu kilichookotwa. Kisha akala, akala na ya pili, na Nancy alipomuuliza kama Lytham wanazipika hivi, alijibu kwamba Lytham hawajui kupika kabisa.

Tulipofika Blackpool, baba aliuliza, "Na hiyo Lytham je, si tumeshapita pa kubadilisha treni?" Mama alimkanyaga mguu. Tulishika njia ya kwa Bi Swarbrick, na Bi Pilling na Horace wakawa wanakuja nyuma yetu, barabara ile ile, kona ile ile, mpaka mlango ule ule.

Bi Swarbrick alisimama jikoni na mikono kiunoni, sufuria kubwa ikitoa mvuke nyuma yake. "Ogden, uzi mwekundu, sawa. Na huyu ni Bi Pilling? Barua yako niliipata. Wavu unao? Uzi wako rangi gani?"

Bi Pilling alifungua kikapu chake. Ndani mlikuwa na wavu mpya, na viazi saba vidogo, vimeoshwa hadi vinang'aa. Uzi hakuwa nao. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya uzi. Akasimama pale, na nikaona shingo yake ikianza kukakamaa. Ndipo akatia mkono mfukoni mwa sketi, akatoa kiazi cha nane, kikubwa, chenye udongo.

"Hiki ni chenu," alimwambia mama. "Nilikiokota ili kisionekane mtu akifungua mlango."

Mama alikipokea, akakitia kwenye wavu wetu. Halafu hakuufunga. Aliushika mdomo wazi, akausogeza mbele.

"Tia na vyako."

"Hebu, hebu," Bi Swarbrick aliingilia. "Wavu mmoja nyumba mbili mimi sitaki. Kila mwaka naamua kesi za viazi. Wavu mmoja ni kwa ndugu tu. Nyie ni ndugu?"

Bi Pilling alimtazama Horace, aliyekuwa bado amelikumbatia sanduku la kofia. Akanitazama mimi, kuanzia viatu. Akamtazama mama muda mrefu kuliko sisi wote.

"Ndugu," alisema, akamimina viazi vyake saba.

Mama alifunga uzi mwekundu mafundo mawili, akautumbukiza wavu mwenyewe. Horace alikuja kuniposa rasmi mwezi wa Novemba, na maua, na hotuba aliyoiandika kwenye karatasi, akapiga goti kwenye kizingiti cha mama kilichosuguliwa. Nilimwambia ainuke, kachelewa. Viazi vilishaliwa tangu Agosti.